Tarakimu Sita Nilizozisoma kwa Sauti

Nyumbani wananiita Chapuchapu. Jina hilo alinipa Dada nilipokuwa na miaka mitano, siku niliyotoka mbio kuwahi shule na viatu nimevivaa cha kulia mguu wa kushoto, kumbe ilikuwa Jumapili. Sasa nina miaka kumi na mitatu na bado sijatulia. Nikikaa, mguu unacheza. Nikiandika, naanza sentensi ya pili kabla ya kumaliza ya kwanza. Walimu wamesema, Mama amesema, lakini wapi!

Mama ni msusi. Chumba cha mbele cha nyumba yetu ndicho saluni yake. Kina viti viwili, kioo kirefu chenye ufa pembeni, draya moja inayonguruma, na benchi la wanaosubiri zamu. Kuanzia saa mbili asubuhi mikono ya Mama imo kwenye nywele za watu, imejaa mafuta, na mara nyingi ameuma chanuo mdomoni. Hawezi kushika simu. Wakati wa likizo kazi hiyo ni yangu. Ujumbe ukiingia, Mama huuliza bila kugeuka, "Nani kasema nini?" Nami husoma kwa sauti, neno kwa neno, ili nishinde kelele za draya. Kisha yeye hutamka jibu nami naandika: mwambie aje saa nane, mwambie rasta aje nazo mwenyewe. Nimefanya hivyo tangu nijue kusoma, na wateja husema nasoma kama mtangazaji wa redio.

Likizo ile, hata hivyo, hakuna aliyekuwa na raha ndani ya nyumba. Dada alikuwa amemaliza sekondari na kupata nafasi katika chuo cha afya, asomee kazi ya maabara. Barua ya chuo iliwekwa ndani ya bahasha, bahasha ndani ya mfuko wa nailoni, na mfuko chini ya godoro la Mama. Nafasi alikuwa nayo, ila ada hakuwa nayo. Tegemeo letu lilikuwa moja tu, mkopo wa wanafunzi ambao huombwa mtandaoni. Mwisho wa kuomba ulikuwa Ijumaa saa kumi jioni, na fomu ya Dada ilikuwa bado inaonyesha neno moja jekundu: HAIJAKAMILIKA. Ilikosekana nakala ya cheti cha kuzaliwa yenye mhuri wa wakili.

Dada hana simu. Akaunti yake ya maombi aliifungua kwenye kompyuta ya maktaba, akaandika namba ya simu ya Mama. Kwa hiyo kila ujumbe wa mkopo ulikuwa ukija saluni, mkononi mwangu.

Alhamisi asubuhi Dada alitoka kwenda kuufuata huo mhuri. Ilikuwa mara ya tatu. Mara ya kwanza wakili alikuwa safarini, mara ya pili wino ulikuwa umekauka. Mimi nilibaki nikikunja taulo ambazo zilikuwa zimekwisha kukunjwa, na kila dakika tano nachungulia mlangoni kama anarudi.

Chini ya draya alikuwa amekaa mteja wetu tuliyembandika jina la Mama Habari, kwa kuwa hakuna habari ya mtaa inayompita.

"Huyo binti yako bado anahangaika na mihuri?" alipaza sauti, maana aliye chini ya draya hudhani wote ni viziwi. "Siku hizi mtu hahangaiki! Kuna ukurasa unaitwa Mlango wa Vyuo. Unawaachia jina tu, wanakufanyia kila kitu. Mtoto wa jirani yangu amepata."

"Amepata mkopo?" Mama aliuliza, chanuo likiwa mdomoni.

"Amepata... yaani, ameambiwa atapata. Ngoja nikurushie."

"Tutamwuliza mwenyewe akirudi," Mama alisema, akaendelea kusuka.

Hayo yalikuwa maneno ya mtu mwenye busara. Lakini simu ilikuwa mkononi mwangu, na kile kiungo kilikuwa kimeshaingia. Nilikibofya.

Ukurasa ulikuwa mzuri kuliko kitabu chochote cha shule. Vijana waliovaa majoho walikuwa wakicheka. Maandishi makubwa yalisema: TUMESAIDIA WANAFUNZI ELFU TISA. MKOPO NA UFADHILI KWA ASILIMIA MIA. Pembeni kulikuwa na saa nyekundu iliyokuwa ikirudi nyuma: zimebaki dakika ishirini, kumi na tisa na sekunde hamsini... Nilimfikiria Dada huko juani na bahasha yake, nikaona nikimsaidia sasa hivi, atarudi akute neno jekundu limeondoka. Nilijaza jina lake, jina la chuo na namba ya simu. Hazikupita dakika tatu simu ikalia.

"Habari, binti yangu," ilisema sauti ya mwanamume, laini, ya mtu asiye na haraka. "Mimi ni mshauri wako wa Mlango wa Vyuo. Naona fomu ina kasoro kidogo. Ndiyo naifungua kwa ndani niirekebishe. Itaingia namba ya tarakimu sita. Nisomee tu."

Namba iliingia kweli. Nami nilifanya kile ninachofanya kila siku. Nilisoma kwa sauti ya redio, tarakimu moja moja, saluni nzima ikinisikia, hata Mama, ambaye alidhani nazungumza na mteja. Nilipofika tarakimu ya sita ndipo macho yangu yalipoteremka kwenye sentensi iliyofuata, nayo pia nikaisoma: "Usimpe mtu yeyote namba hii."

Yule mtu alicheka. "Mtu yeyote si mimi, binti yangu. Mimi ni mshauri. Sasa kila kitu kimekamilika. Mwambie mwombaji asifungue akaunti kwa siku mbili, asije akavuruga mfumo." Akakata.

Nikabaki nimeishika simu. Siku mbili? Kesho ndiyo ilikuwa mwisho. Nilimpigia, simu haikupokelewa. Nikapiga tena, hapakuwa na kitu. Kisha ujumbe mwingine ukaingia: *Namba ya simu ya akaunti yako imebadilishwa.*

"Nani kasema nini?" Mama aliuliza.

"Matangazo tu, Mama," nilisema.

Sijawahi kuwa na mchana mrefu kama ule. Nilifagia nywele sakafuni mara tatu, mara ya tatu hapakuwa na unywele hata mmoja. Nilimwagia mteja maji ya baridi badala ya vuguvugu. Nilipojaribu kukaa, benchi zima lilitikisika kwa mguu wangu, mpaka Mama Habari akaniuliza kama nina homa. Nilikuwa na hofu, hofu tupu, na chini yake aibu.

Jioni Dada alirudi na vumbi mpaka magotini, akiinua juu karatasi yenye mhuri wa bluu. "Haya, leteni vigelegele!" alisema. "Kesho asubuhi naenda maktaba naipakia, basi tumemaliza!" Mama akampigia kigelegele, wateja wakaitikia. Nami niliitikia.

Ijumaa maktaba ilipofunguliwa tulikuwa mlangoni. Nilimfuata Dada bila kuitwa, naye alidhani nataka vitabu vya hadithi. Akakaa mbele ya kompyuta ya katikati, akaandika nenosiri lake. Kompyuta ikajibu kwamba nenosiri si sahihi. Akaandika tena, taratibu. Si sahihi. Mara ya tatu alisema kila herufi kwa mnong'ono huku akiibonyeza.

"Nimesahau vipi?" alisema, na sauti yake ikaanza kutetemeka. "Chapu, nimesahau vipi jambo kama hili? Mimi ni mjinga kiasi gani?"

Kule kujiita mjinga ndiko kulikonishinda. Ningeweza kuvumilia anigombeze, lakini si ajigombeze mwenyewe kwa kosa langu.

"Hujasahau," nilisema. "Ni mimi." Nikamweleza yote: kiungo, saa nyekundu, yule mtu, tarakimu sita, na ule ujumbe niliouita matangazo.

Dada hakunipiga. Aliniangalia tu, macho yamejaa machozi, kisha akainuka ghafla mpaka kiti kikaanguka. "Leo saa kumi! Leo, Chapu! Wewe jana mchana ulijua, usiku tumelala kitanda kimoja, na hukusema?"

"Hapa ni maktaba, si uwanja wa mpira," alisema mkutubi, akija na miwani yake inayoning'inia kwa kamba shingoni. Watoto wote humwita Mjomba, ingawa hana undugu na yeyote. Alikiinua kiti, akatazama nyuso zetu, na sauti yake ikabadilika. "Kuna nini, wanangu?"

Nilieleza mara ya pili. Safari hii ilikuwa rahisi kidogo.

"Huyo mtu alibonyeza mahali palipoandikwa 'nimesahau nenosiri'," Mjomba alisema. "Mfumo ukatuma namba kwenye simu ya mama yenu kuuliza: ni wewe kweli? Na wewe ukamjibia kwamba ni yeye. Barua ya chuo mnayo?"

Dada aliitoa kwenye bahasha.

Nilitegemea Mjomba atafungua mahali pa kutafutia na kuandika neno 'msaada', kama ambavyo ningefanya mimi. Hakufanya hivyo. Aliiweka barua kando ya kompyuta, akavaa miwani, akaandika anwani ya chuo kama ilivyochapwa juu ya barua, herufi baada ya herufi, kidole kimoja kikifuata karatasini. Nilitamani kumnyang'anya kibodi.

"Mjomba, muda!" nilisema.

"Ndiyo, muda. Ndiyo maana siendi pasipofaa." Ukurasa wa chuo ulifunguka. Haukuwa na mbwembwe, picha moja tu ya jengo la kawaida. Mjomba alitelemka mpaka palipoandikwa 'Msaada kwa waombaji'. Palikuwa na jina la mshauri wa wanafunzi, namba ya chumba chake, saa anazopatikana, na maneno kwamba huduma ni ya bure. Namba ya simu ilikuwa ileile iliyo kwenye barua. Chini yake kulikuwa na kiungo cha ofisi ya mikopo, na maelezo ya ufadhili mdogo kwa wanafunzi wa maabara, ambao Dada hakuwahi kuusikia.

"Huu upo tangu lini?" Dada aliuliza, akiusoma kwa haraka.

"Tangu mwezi uliopita, na hakuna aliyeurusha kwenye simu ya mtu," Mjomba alisema. "Sasa nionyesheni huo mlango wenu."

Nilimwonyesha Mlango wa Vyuo. Saa nyekundu ilikuwa ikisema zimebaki dakika ishirini. Mjomba aliufunga ukurasa, akaufungua tena. Dakika ishirini. Akaufunga, akaufungua. Dakika ishirini.

"Tangu jana?" aliniuliza.

"Jana mchana pia zilikuwa ishirini," nilisema, nikaona uso unaniwaka.

"Tafuta humu jina la mtu mmoja. Au ofisi. Au mtaa."

Nilitafuta juu mpaka chini. Kulikuwa na wanafunzi elfu tisa na hakuna hata jina moja.

Mjomba akapiga simu ya mezani kwa mshauri wa chuo. Mwanamke aliyepokea aliuliza maswali mafupi, akasema atawajulisha ofisi ya mikopo sasa hivi waizuie akaunti. Lakini mabadiliko hayafanywi kwa simu. Mwombaji aende mwenyewe kabla ya saa kumi, na barua, vyeti halisi, na mwenye namba ya simu iliyosajiliwa mwanzo.

"Mama," tulisema mimi na Dada kwa pamoja. Ilikuwa saa tano na nusu.

Tulikimbia. Saluni tulimkuta Mama ana mteja, kichwa upande mmoja kimesukwa mistari, upande wa pili nywele zimesimama wima. Dada alifungua kinywa, nami nikamshika mkono. Hili lilikuwa langu. Nilisimama mbele ya kioo nikasema yote, na Mama akaacha kusuka.

Kisha akatoa chanuo mdomoni.

"Ile namba, mwanangu, hata mimi ningeisoma," alisema. "Mimi ndiye niliyekuzoesha kusoma kila kinachoingia. Hilo tutalibadilisha. Lakini nilikuuliza nani kasema nini, ukaniambia matangazo. Hapo umeniumiza."

"Nisamehe, Mama."

"Nitakusamehe tukiwa njiani. Lete kitambulisho changu."

Mama hajawahi kumwacha mteja na kichwa nusu tangu nizaliwe. Siku ile alimwacha. "Nendeni!" yule mteja alisema, akijifunga kitambaa. "Nikiulizwa nitasema ndiyo mtindo mpya."

Ofisi ya mikopo ilikuwa upande wa pili wa mji, ghorofa ya pili, na lifti ilikuwa mbovu. Tulipewa kikaratasi chenye namba sitini na nne, na ubaoni walikuwa wakimwita wa arobaini na moja. Tulikaa. Yaani, wao walikaa. Mimi nilisimama, nikaenda dirishani, nikarudi, nikaisoma saa ya ukutani, nikaenda tena. Saa nane na robo, arobaini na tisa. Saa tisa, hamsini na sita. Mama alinikamata pindo la gauni, akanikalisha, akaweka mkono wake juu ya goti langu ili mguu utulie. Mkono ulinukia mafuta ya nywele. Hakuuondoa.

Saa tisa na dakika ishirini na tano waliita sitini na nne.

Ofisa alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu wa macho lakini si wa maneno. Alipokea vyeti, akalinganisha picha na uso, akamwuliza Mama maswali, akaandika kwenye kompyuta. Kisha akageuza kioo cha kompyuta ili tuone.

"Chuo chako kimetupigia, akaunti tumeizuia tangu saa sita," alimwambia Dada. "Angalia hapa. Jana saa saba mchana namba ya simu imebadilishwa. Saa saba na dakika nne, akaunti ya benki imebadilishwa. Fomu yako hakuigusa, tena angefurahi ikamilike. Mkopo ungetoka kwa jina lako, ukaenda kwake, na deni lingebaki kwako."

Dada alishika ukingo wa meza. Mama alimtaja Mungu kwa sauti ya chini.

"Aliyegundua mapema hivi ni nani?" ofisa aliuliza.

"Mdogo wangu," Dada alisema.

Ilikuwa kweli, na ningeweza kuishia hapo. Ofisa alikuwa tayari ananitazama kwa sifa. Lakini sikuitaka sifa ile.

"Na mimi ndiye niliyempa namba," nilisema. "Alinipigia jana saa sita na dakika hamsini. Namba aliyotumia hii hapa. Aliniambia Dada asifungue akaunti siku mbili."

Ofisa aliweka kalamu chini.

"Binti, unaona kiti hicho ulichokalia?" alisema. "Kila wiki wanakaa hapo watu wazima, wenye kazi zao na vyeo vyao. Nikiwauliza, wanasema mfumo wenu mbovu. Hakuna anayesema mimi ndiye niliyetoa. Basi tunatafuta kosa kwenye mitambo siku tatu, na mwizi zinamtosha kabisa. Anajua utaona aibu, na aibu yako ndiyo muda wake. Wewe umenipa saa, namba na maneno yake. Nimeshapajua pa kushika." Akaichukua kalamu tena. "Anayetaka kukusaidia kweli atakupa jina lake na mahali alipo, na atakusubiri ukaulize wakubwa wako. Asiyetaka kusubiri, mwache aende zake. Na ukishakosea, sema siku hiyohiyo. Usilale na kosa."

"Nililala nalo usiku mmoja," nilisema.

"Nimeona. Bahati yako ulikuwa mmoja."

Akabadilisha nenosiri, akarudisha namba ya Mama na akaunti ya benki ya Dada, akaipakia nakala yenye mhuri wa bluu. Saa ya ukutani ilikuwa inaonyesha saa kumi kasoro dakika kumi na mbili neno jekundu lilipoondoka. Mahali pake pakaja neno la kijani: IMEPOKELEWA. Mama alilisoma mara mbili. Kisha akalia, kidogo tu, akajifuta kwa kiganja.

"Bado sehemu moja," ofisa alisema, akimsukumia Dada karatasi. "Andika hapa jina la mtu unayemwamini. Jambo lolote likitokea kwenye akaunti yako, huyo ndiye tutakayempigia."

Dada alianza kuandika. Nilikuwa nimeinuka na kusimama nyuma ya bega lake, nami naona kalamu inavyokwenda.

"Huyo ana miaka mingapi?" ofisa aliuliza, akiyasoma maandishi kichwa chini miguu juu.

"Kumi na mitatu."

"Fomu inataka mtu mzima."

Dada akalikata jina kwa mstari, akaandika la Mama. Karatasi ikaingia kwenye faili na sikuiona tena. Lakini chini ya ule mstari nilikuwa nimeshalisoma jina langu, lote, mpaka herufi ya mwisho, na safari hii nililisoma kimya.